Misumari ya Shingoni

Baba Mkubwa alifanya kazi kwa mdomo. Sisemi maneno, maana hakuwa msemaji. Nasema misumari. Ile midogo ya makochi, yenye vichwa bapa, aliitia kinywani konzi nzima, akaihifadhi kati ya shavu na fizi, kisha ulimi ukawa unaitoa mmoja mmoja, kichwa mbele, hadi kwenye midomo. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa. Wa kulia umeshika nyundo nyembamba yenye sumaku, inasogea mdomoni kama inayobusu, inachukua msumari, inageuka, ta, umezama kwenye mbao. Kwa mbali lilikuwa jambo zuri kulitazama. Kwa karibu uliona kwamba kila msumari unaingia kwenye kochi la watu ukiwa umelowa mate, na mate yenyewe hayakuwa meupe.

Mtaani walimwita Mzee Mkebe. Mafundi wengine wanaweka misumari kwenye mkebe. Yeye mkebe alizaliwa nao.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kilichofunguka barabarani, makochi yaliyokwisha kuvikwa yakiwa mbele, yaliyovuliwa nguo yakiwa nyuma. Nilikuwa naishi kwao kwa sababu ya shule, na kila nikitoka darasani nilipitia hapo. Yale ya nyuma ndiyo yaliyonitia kinyaa, na ndiyo niliyokuwa siwezi kuacha kuyaangalia. Ukichana kochi la watu waliolikalia miaka unakutana na ukoo mzima: nywele, kucha zilizokatwa, pipi iliyolambwa ikatemwa, mfupa wa kuku, bandeji yenye doa la kahawia, mende waliokauka na mayai yao.

"Kochi ni tumbo," Baba Mkubwa alikuwa akisema. "Watu wamekaa juu wanacheka, hawajui linameza."

Alikuwa na msemo mwingine pia. "Mteja kaleta kitambaa, hakuleta mbao." Maana yake, akilifunua kochi akakuta mchwa wamekula fremu, hasemi kitu. Anatafuta palipobaki pagumu, anagongelea hapo, anafunika vizuri kwa kitambaa kipya chenye maua, na mwenye kochi anaondoka anashukuru. Kochi lile likija kumdondosha mgeni wake mwaka unaofuata, basi ni unene wa mgeni.

Sasa niseme la harufu, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kinywa cha Baba Mkubwa kilinuka. Hakikunuka kama vinywa vya asubuhi, ambavyo ukisukutua vinapona. Kilinuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa, na juu yake kulikuwa na kitu kitamutamu, kama ndizi iliyooza karibu na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akikuambia "habari ya shule," unajibu "nzuri" bila kuvuta pumzi.

Mkewe, Mama Mkubwa, alishona vifuniko vya mito kwa cherehani aliyoiweka mlangoni kabisa, nusu ndani nusu barabarani, akisema anafuata mwanga. Mwenzake wa kazi, ambaye sote tulimwita Sponji kwa sababu alikata sponji na yeye mwenyewe alikuwa laini kama sponji, alijipaka dawa ya mafua puani kila asubuhi. Hakuwa na mafua. Wateja walipatana bei na Baba Mkubwa wakiwa wamesimama kwenye ngazi, eti wana haraka.

Hakuna aliyemwambia. Hilo lilinichukiza kuliko harufu yenyewe. Siku moja nilimuuliza Mama Mkubwa jikoni.

"Kwa nini humwambii?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ananuka."

"Mtu mzima haambiwi ananuka, mwanangu. Ni kumvua nguo."

"Sasa tutakaa hivi hivi?"

"Kula chakula chako."

"Nimeshindwa. Ametoka kukionja."

Alinitazama kwa jicho la kunyamazisha, kisha akakichukua kile chakula akakimwaga mwenyewe. Naye hakula.

Jino ndilo lililoanza kutufungua midomo. Mchana mmoja Baba Mkubwa alikuwa anavika kiti cha mkono, nyundo inaenda na kurudi, ta, ta, ta. Ikasogea mdomoni, ikabusu, ikageuka bila kitu. Akajaribu tena. Sumaku haikuchukua. Akautema ule msumari mkaidi kwenye kiganja ili autazame, na kiganjani hapakuwa na msumari. Palikuwa na jino. Lake, la mbele, refu kuliko nilivyowahi kudhani jino linaweza kuwa, lenye mzizi wa kahawia na ute wa njano umeganda chini. Ulimi ulikuwa umelileta mbele, kichwa kwanza, kama ulivyozoea.

"Halijauma," alisema. Alilifuta kwenye suruali akalitia mfukoni.

Sponji aliacha mkasi wake akatoka nje. Tulimsikia akitapika kwenye mtaro.

"Mafua hayo," alisema Baba Mkubwa.

Mama Mkubwa alizima cherehani, akavaa viatu. "Twende kwa daktari wa meno."

"Kwa jino moja?"

"Twende, baba, kabla hujawagongelea watu meno kwenye makochi yao."

Kliniki ya meno ilikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya duka la rangi. Niliwafuata; nisingekosa lile. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, bado kijana, mwenye barakoa mbili moja juu ya nyingine. Baba Mkubwa alipofunua kinywa nilisubiri arudi nyuma kama watu wote. Hakurudi. Alisogea. Akabonyeza ufizi kwa kidole cha glovu, taratibu, na pembeni mwa jino ukachuruzika usaha, mzito, kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu. Akabonyeza jino la pili, ukatoka. La tatu, ukatoka.

"Inauma?"

"Hapana."

"Hiyo ndiyo siipendi."

Alimpeleka kwenye chumba cha eksirei, akamsimamisha ameuma kijiti cha plastiki, na mashine ikamzunguka kichwa polepole kama inzi anayechagua pa kutua. Picha ilipotokea kwenye kompyuta nilishika kiti. Taya lake lote lilikuwa limetandazwa kutoka sikio hadi sikio, kama mtu aliyebanduliwa uso ukanyooshwa kwa pasi.

"Mfupa ulitakiwa ufike hapa," daktari alisema, akionyesha kwa kalamu. "Umeshuka mpaka huku. Haya meno yote yamesimama kwenye nyama tu, kama nguzo za uzio kwenye matope."

"Ni misumari," Baba Mkubwa akasema. "Kazi yetu."

"Misumari imekukwangua meno ya mbele, kweli, naona pengo lake. Lakini haiwezi kula mfupa wa magego huko nyuma. Mfupa ukiisha hivi, kila upande, mimi natafuta sukari kwenye damu. Unakunywa maji sana?"

"Karakana ina vumbi."

"Na kukojoa?"

Baba Mkubwa alinitazama, akamtazama mkewe, akamrudia daktari. "Haya bado ni maswali ya meno?"

Daktari alishusha kalamu chini ya pembe ya taya, nje ya meno kabisa, pale picha ilipobeba kipande cha shingo kwa bahati tu. Palikuwa na vitu vyeupe, vidogovidogo, vimesimama wima kimoja juu ya kingine. Shingo ya kushoto vilikuwa vingi, ya kulia vichache.

"Hivi vinanitia wasiwasi kuliko meno. Huenda ni chokaa iliyoganda kwenye ukuta wa mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Picha yangu ni ya meno, haitoshi kuhakikisha. Lakini nikishaona siwezi kujifanya sijaona. Nenda hospitali wiki hii, wakupime sukari, wakupime presha, wakuangalie huo mshipa. Kipande cha hiyo takataka kikibanduka kikapanda kichwani, ni kiharusi. Utapooza, au tutakuzika."

Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Mama Mkubwa alijishika kifua.

"Mimi nimekuja na jino," alisema Baba Mkubwa.

"Wewe ni fundi makochi, sivyo? Mtu akikuletea kochi ubadilishe kitambaa, ukafunua ukakuta mchwa wamekula mbao, utafunika?"

"Nitamwambia mwenyewe," alisema Baba Mkubwa, macho makavu.

Mama Mkubwa akakohoa. Mimi nikatazama dari.

Aliomba picha. Daktari akamtolea moja kwenye karatasi kubwa, akidhani ataipeleka hospitali. Aliipeleka karakana, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita ndani yake, na taya lake likawa linatazama barabara. Sponji aliikaribia akiwa ameshika pua, akajikunakuna, akaweka kidole kwenye vile vyeupe vya shingoni.

"Mzee. Hii si misumari?"

Baba Mkubwa akasogea.

"Umemeza," Sponji akaendelea. "Kila fundi wa kazi hii amemeza. Unapiga chafya, umekwenda. Tazama urefu wake. Tazama ilivyosimama."

Nami nilitazama, na kusema kweli vilifanana. Vyeupe, vifupi, vimepangana kama misumari kwenye ukingo wa kochi. Uso wa Baba Mkubwa ulilainika kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu jino ling'oke. Chokaa ya kwenye mshipa hakuijua. Misumari aliijua.

"Si nilisema?" akasema. "Nilisema ni misumari. Nimepeleka jino, wamenirudishia shingo. Nikiwapelekea kiatu watasema naumwa ini."

Tangu hapo hospitali haikutajwa tena, na Mzee Mkebe akawa mtu wa kutembelewa. Wateja waliokuwa wanasimama kwenye ngazi sasa waliingia hadi dirishani kuona shingo iliyojaa chuma. Mafundi wa mitaa mingine walikuja kumpa mkono. Yeye, ambaye hakuwa msemaji, alisimama karibu na picha na kuwapumulia usoni akieleza: "Nimekula chuma maisha yangu yote. Chuma hakijanila." Walitoka wakicheka, na walipofika nje walitema mate.

Dawa ilibuniwa na Sponji. Aliweka msumari kwenye glasi ya soda nyeusi, akauacha dirishani. Siku zilipopita msumari ulianza kushika kutu, ukawa na magamba, soda ikawa na utando wa kahawia juu. "Unaona? Inayeyusha." Basi Baba Mkubwa akaanza kunywa soda. Chupa ya asubuhi, chupa ya mchana, na katikati akisikia kiu, na kiu haikumwacha, nyingine tena. Juu ya hapo alimeza mkate uliochovywa asali, mabonge mazima, bila kutafuna, ili ile misumari iteleze.

Na ilipaswa itoke mahali fulani. Hili naliandika huku nimekunja uso. Alikuwa anajisaidia kwenye ndoo nyuma ya karakana, kisha anapitisha sumaku juu ya ile haja, mbele nyuma, mbele nyuma, kwa uangalifu wa fundi, akitafuta misumari yake. Sumaku ipi? Ya nyundo. Nyundo ileile. Anaifuta kwa kitambaa, anarudi ndani, anatia misumari mdomoni, na nyundo inakwenda kubusu.

Nilipomwambia Mama Mkubwa, alikaa chini kwenye tofali.

"Amepata?" akauliza.

"Amepata nini?"

"Msumari."

"Hata mmoja."

Huko nyuma ndiko nilikoona sisimizi. Baba Mkubwa alikuwa na ukuta wake wa kukojolea, kwa kuwa choo cha mbali hakukiwahi tena. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye ufa wa sakafu, wakapita chini ya magunia ya sponji chakavu, hadi pale ukutani penye majimaji. Niliufuata mstari nimechuchumaa, nimebana pua, kama mtu anayefuata waya kutafuta umeme unakotoka. Hawakwenda kwenye mkate wala kwenye chupa za soda. Walikwenda kwenye mkojo, wakajaa ukingoni mwake, wakanywa.

Mwalimu wa baiolojia alinisikiliza bila kucheka. Akaniambia kwamba zamani, kabla ya vipimo, kulikuwa na matabibu waliojua ugonjwa wa kisukari kwa kuangalia tu kama sisimizi wanakuja. Sukari ikizidi kwenye damu, mafigo yanaimwaga nje. Nilikimbia njia nzima.

"Sisimizi?" Mama Mkubwa alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Nawaona kila siku. Huwa nawamwagia majivu."

Nilisimama pale na begi langu mgongoni nikimtazama. Alikuwa anaona. Wote walikuwa wanaona, na kila mmoja alikuwa na kitu chake cha kumwagia juu.

"Mama Mkubwa, atakufa."

Cherehani ikasimama. "Nimemwomba aende hospitali. Nimemwomba kwa upole, nimemwomba kwa ukali. Anasema anangoja msumari utoke."

Msumari haukutoka. Kilichotokea ni hiki. Jioni moja, jua likiwa bado kali, yeye na Sponji walikuwa wanavika kochi refu la ofisi, Sponji anavuta kitambaa upande wa pili. Nilikuwa nimekaa kwenye sponji nikifanya hesabu. Nyundo ilikuwa inaenda vizuri. Kisha ikakosa mdomo, ikagonga shavu. Baba Mkubwa akaitazama kama ya mtu mwingine. Vidole vikalegea, ikaanguka. Upande wa kulia wa mdomo ukashuka, kama pazia lililotoka kwenye pete, na misumari ikaanza kumwagika, mmoja, kisha miwili, kisha yote, pamoja na uzi mrefu wa mate ya njano yaliyochanganyika na damu, ikateremka kidevuni, kwenye shati, kwenye kitambaa kipya cha watu. Alitaka kusema. Ilitoka sauti kama ya mtoto anayejaribu kula na kulia kwa wakati mmoja.

"Mzee?" Sponji alisema. "Mzee, acha utani."

Mama Mkubwa alimfikia wa kwanza. Alimkumbatia kutoka nyuma, mate yakamshukia mikononi, na hakuyafuta. Sponji alikimbilia maji. Aliporudi na kikombe, mdomo ulikuwa umeanza kupanda. Baba Mkubwa alikunja vidole, akavikunjua, akapapasa uso.

"Umesogea," alisema. Ulimi ulikuwa mzito, lakini ni maneno. "Msumari umesogea."

"Hospitali," alisema Mama Mkubwa. "Sasa hivi."

"Hospitali hawana koleo za shingo. Nipelekeni kwa yule wa meno auchomoe."

Hakukubali kwingine. Kwa hiyo tulimvusha barabara, Sponji ameshika bega moja na Mama Mkubwa amemshika mkanda wa suruali, na tukampandisha ngazi za duka la rangi. Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine kwenye kiti, akamwinua na pamba yake mdomoni. Mama Mkubwa alieleza kilichotokea. Daktari alimtaka Baba Mkubwa atabasamu, ainue mikono yote miwili, arudie sentensi. Alifanya vyote.

"Hiyo imekuja kukupigia hodi," daktari akasema. "Ikirudi haitapiga hodi. Nendeni hospitali kubwa, msipite popote."

"Chomoa msumari kwanza."

"Msumari upi?"

Sponji alijikuna kisogo. "Ile ya shingoni, daktari. Aliyoimeza."

Daktari alitutazama mmoja mmoja. Nadhani ndipo alipoelewa picha yake ilikofikia. Hakubishana. Shati la Baba Mkubwa lilikuwa limelowa kifuani, na kwenye mate yale ulikuwa umenasa msumari mmoja. Akaubandua kwa glovu, akaulaza juu ya kile kibamba kidogo cha eksirei wanachotia mdomoni, akatusogeza nje ya mlango, akabonyeza. Msumari ukatokea kwenye kompyuta papo hapo: mweupe kupita kitu chochote, kingo kali kama zimekatwa kwa wembe, kichwa bapa, ncha. Pembeni yake akafungua ile picha ya taya, akakuza kipande cha shingo.

"Wewe ndiye unayeijua misumari," akasema. "Niambie."

Baba Mkubwa alisogeza uso hadi karibu na kioo. Vile vyeupe vya shingoni, vilipokuzwa, vilikuwa na mawingumawingu, vina mashimo, vimechubuka pembeni kama vipande vya chaki iliyolowa. Alitazama msumari. Akatazama shingo. Akarudi kwenye msumari.

"Huu una kichwa," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Ule hauna kichwa." Akaweka kidole kwenye kioo. "Wala ncha hauna. Ule umeoza."

"Ule si kitu ulichomeza. Umejitengeneza humo humo mwilini mwako."

"Lakini mbona vingi viko shingo ya kushoto," nikauliza, nimeshindwa kujizuia, "na mkono uliolegea ni wa kulia?"

"Kwa sababu ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia. Nyuzi zinapishana njiani," daktari alisema, kisha akamgeukia tena. "Na sukari ndiyo inayokula mfupa wa meno, na hiyohiyo inachangia kuharibu mishipa. Kinywa chako kimekuwa kikisema muda mrefu. Harufu ile haikuanza jana. Hapa hakuna aliyewahi kukwambia?"

Sponji alitazama viatu vyake. Kutoka chini, harufu ya rangi ya mafuta ilipanda, na hata hiyo haikuishinda ile nyingine.

Baba Mkubwa alimgeukia mkewe. "Nanuka?"

"Unanuka."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Hata wewe unaisikia?"

"Nani alale nawe asiisikie?" alisema Mama Mkubwa, na machozi yakamtoka, na alikuwa amekasirika. "Twende kwenye gari."

Alikwenda. Tulimpakia kwenye pikapu ya kubebea makochi, mbele kati ya Sponji, aliyeendesha, na Mama Mkubwa, mimi nyuma na miguu ya kiti isiyo na kiti. Vioo vyote vilikuwa chini. Hakuna aliyejidai anafuata upepo.

Hospitali nesi alimchoma kidole, akagusisha damu kwenye kipimo, na kipimo hakikuleta namba. Kilileta herufi. Nesi akasema maana yake sukari imepita pale mashine inapoweza kuhesabu. Akampima presha mara mbili, mara ya pili kwa kutoamini. Kisha tukampeleka kwenye chumba chenye giza kidogo, wakampaka shingoni ute wa baridi unaofanana na makamasi, na daktari wa huko akatelezesha kitu kama sabuni juu ya mshipa. Akaongeza sauti.

Sitaisahau sauti ile. Kulia ilikuwa whuu, whuu, kama mtu anayefagia. Kushoto ilikuwa nyembamba, kali, yenye mluzi, kama mtu mlafi anayefyonza mfupa kutafuta mafuta ya ndani. Kila pigo la moyo, fyuu. Fyuu. Nilitaka kuziba masikio na nilitaka kuendelea kusikia.

"Nani huyo?" Baba Mkubwa aliuliza akiwa amelala.

"Ni damu yako, mzee. Inapita kwenye tundu lililobaki."

Alisikiliza. Macho yake yalikuwa darini. "Inapita kwa shida," akasema.

Walimlaza. Walimpa dawa ya sukari, ya presha, ya kuzuia damu isigande, na wakasema huenda baadaye wakaufungua ule mshipa waukwangue. Meno yaliyobaki hayangeng'olewa mpaka sukari ishuke, kwa sababu kidonda kisingepona. Kwa hiyo alirudi nyumbani nayo, yote yakicheza, na usaha wake, na harufu yake, pungufu kidogo tu.

Nilidhani sasa angekuwa mtu mwingine. Hakuwa. Asubuhi ya kwanza alikaa mezani akiwa ametazama vile vidonge kwenye kisahani kama vimetoka ndani ya kochi la watu. Alisema vinampa kichefuchefu. Alisema hospitali wanatafuta wateja. Alisema atakunywa baada ya chai, na chai ilipoisha akasema baada ya kuoga. Mama Mkubwa hakumbembeleza, hakumfokea. Alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana, akamwekea glasi ya maji mkononi.

"Mimi nimenyamaza hadi nikakaribia kukuzika," alisema. "Sinyamazi tena. Kunywa."

Aliokota vidonge, akatia mdomoni, akanywa maji, koo likapanda na kushuka.

"Tayari."

"Fungua nione."

"Mbele ya mtoto?"

"Fungua."

Akafungua. Mama Mkubwa alimshika kidevu akamgeuzia dirishani, akainamisha uso hadi pua yake ikakaribia meno yale, akavuta ulimi pembeni kwa kidole chake mwenyewe, akakagua mahali pa misumari, shavu la kulia, shavu la kushoto, chini ya ulimi. Nikasogea na mimi nikatazama. Kulikuwa na utelezi wa njano, fizi zimevimba kama ini, jino moja limelala. Kulikuwa kuchafu kupita kiasi. Vidonge havikuwemo.